Joe Kadenge: Alituzwa, lakini je, alitunzwa?

Na MWANDISHI WETU

NAIVASHA

KATIKA viwanja vya vumbi vya Naivasha, iwe ni Karagita, Kihoto au kwingineko kandokando ya ziwa, mtoto anapowapiga chenga wenzake wawili watatu na kukataa kuliachilia gozi, hakosi mzee mmoja wa kupaza sauti: "Kadenge na mpira!" Mtoto mwenyewe huenda amevalia jezi yenye jina la Messi au Haaland. Huyo Kadenge hamjui, wala hajapata kumwona hata pichani. Hata hivyo, anaelewa papo hapo kwamba amesifiwa.

Ni Wakenya wachache ambao majina yao yaligeuka kuwa msemo wakiwa wangali hai, na wachache zaidi ambao msemo huo uliendelea kutamkwa baada yao kufa. Je, Kadenge alikuwa nani? Alipataje umaarufu wa nchi nzima katika enzi ambayo Wakenya wengi hawakuwa na televisheni? Na umaarufu huo ulimfaa nini miguu ilipochoka?

Maswali haya yanahusu zaidi ya historia. Naivasha ni mji uliowahi kutwaa ubingwa wa Kenya mara mbili mfululizo, kisha ukabaki na kumbukumbu tu. Kijana wa leo anayetumaini kuishi kwa soka ana mengi ya kujifunza kutokana na maisha ya mzee huyu.

Kabla ya uhuru

Joseph Kadenge, aliyefahamika na wengi kama Joe, alizaliwa mwaka 1935 magharibi mwa Kenya, nchi ikiwa bado chini ya ukoloni wa Waingereza. Soka ilikuwa tayari imekita mizizi. Tangu mwaka 1926 Kenya na Uganda zilikuwa zikishindania Kombe la Gossage, lililopewa jina la watengenezaji wa sabuni waliolitoa. Tanganyika ilijiunga mwaka 1945, nayo Zanzibar ikafuata mwaka 1949. Kombe hilo ndilo mzazi wa mashindano tunayoyajua leo kama Kombe la Cecafa.

Kadenge alipokuwa akiinukia, jina lililotajwa zaidi viwanjani lilikuwa la Elijah Lidonde, mshambuliaji aliyevuma katika miaka ya hamsini kwa mikwaju mikali. Kadenge alikuja na mtindo tofauti. Silaha yake ilikuwa chenga na wepesi wa miguu. Aliupenda mpira ukae karibu na mguu wake, na mabeki waliomfuata walijikuta wamekabiliana na hewa.

Alisakata kabumbu katika Maragoli United. Mnamo Machi 1964, miezi michache tu baada ya uhuru, timu kadhaa ndogo za jamii ya Waluhya ziliungana na kuunda Abaluhya, klabu ambayo mwaka 1980 ilibadili jina na kuwa AFC Leopards baada ya serikali kuagiza klabu ziache majina ya kikabila. Kadenge akawa nguzo ya safu ya mbele. Abaluhya ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka 1966 na kuutetea mwaka 1967. Wakati huohuo, aliivalia timu ya taifa jezi katika miaka ambayo Kenya ilikuwa ikijifunza kusimama miongoni mwa mataifa ya Afrika.

Na mafunzo hayo hayakuwa mepesi. Mwaka 1961 Kenya iliicharaza Zanzibar mabao 10-0 jijini Nairobi, ushindi mkubwa ambao ulikumbukwa kwa miaka mingi. Lakini mnamo Desemba 12, 1965, siku ya kuadhimisha Jamhuri, Ghana ilifika Nairobi na kuicharaza Kenya 13-2. Kizazi cha Kadenge kiliyaona yote mawili, furaha ya kulitawala jirani na uchungu wa kugundua kwamba bara ni pana.

Bonde la Ufa lilitangulia

Wasomaji wengi hudhani kwamba historia ya ligi ya Kenya ilianza na Gor Mahia na AFC Leopards. Sivyo. Ligi ya taifa ilipoanzishwa mwaka 1963, bingwa wa kwanza hakutoka Nairobi, Kisumu wala Mombasa. Alitoka Nakuru. Nakuru AllStars ndiyo iliyotia jina lake mwanzoni mwa orodha ya mabingwa, miaka mitano kabla ya Gor Mahia kuundwa mwaka 1968. Ikaushinda ubingwa huo tena mwaka 1969.

Jina la klabu hiyo linastahili kutazamwa. Ilhali klabu nyingi za wakati ule zilibeba majina ya makabila, timu ya Nakuru ilijinasibu kwa mji. Nakuru ni mji wa reli na wa mashamba, na watu walifika huko kutoka kila pembe kutafuta riziki. Haikuwa ajabu kwamba timu yao ilijitambulisha kwa mahali walipokutana badala ya walikotoka. Miaka mingi baadaye, Naivasha ingekuwa na hadithi kama hiyo, kama tutakavyoona.

Sauti iliyomjengea jina

Televisheni iliingia Kenya mwaka 1962, lakini kwa miaka mingi ilikuwa mali ya wachache mijini. Mkenya wa kawaida aliufuata mpira kwa masikio. Jumamosi alasiri watu walikusanyika dukani au chini ya mti palipokuwa na redio, wakanyamaza, wakaitazama redio kana kwamba wangewaona wachezaji ndani yake.

Sauti waliyoisikia mara nyingi ni ya Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, Mombasa, aliyejiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964. Ndiye aliyewapa Wakenya maneno "Kadenge na mpira, mpira na Kadenge".

Kwa nini maneno hayo yakanata? Jibu limo katika kazi yenyewe ya utangazaji. Msikilizaji wa redio anahitaji kujua jambo moja kabla ya mengine yote, nalo ni nani aliye na mpira. Mtangazaji hana muda wa kutunga sentensi ndefu, maana kabla hajaimaliza mpira umeshahama. Kiswahili kilimpa Mbotela sentensi fupi isiyohitaji hata kitenzi, jina la mtu, "na", kisha mpira. Mchezaji wa kawaida angetajwa mara moja na kupisha jina la mwingine. Kadenge, kwa kuwa alikaa na mpira kwa muda akimzunguka huyu na yule, alimlazimu mtangazaji aligeuze tungo na kuanza upya, mpira na Kadenge, Kadenge na mpira. Msikilizaji aliyekuwa mbali aliziona chenga hizo katika marudio hayo.

Kwa hivyo, msemo huo ni kazi ya watu wawili, mmoja aliyeucheza na mwingine aliyeutamka. Sisi tuliozaliwa Kadenge akitundika daluga tuliurithi kupitia redio hiyohiyo, tukawa tunautamka katika michezo yetu ya mpira wa makaratasi bila kujua kwamba mwenye jina angalipo Nairobi akihangaika na maisha kama mzazi mwingine yeyote.

Soka ya ridhaa

Hapa ndipo msomaji wa leo anapohitaji kuelezwa jambo ambalo wazee huliona la kawaida. Soka ya Kenya katika enzi za Kadenge ilikuwa ya ridhaa. Mchezaji hakuwa na mkataba uliomhakikishia mshahara, bima ya majeraha wala malipo ya uzeeni. Klabu za kijamii zilitegemea michango ya wanachama na fedha za kiingilio. Fedha hizo zililipia usafiri, chakula na jezi, na kilichosalia kiligawanywa kama bahashishi. Wachezaji wengi walikuwa na kazi nyingine mchana, wakafanya mazoezi jioni.

Mpangilio huo ulikuwa na fahari yake. Mchezaji aliingia uwanjani kwa ajili ya jamii yake, na jamii ilimbeba mabegani. Lakini mabega hayo yalimbeba kwa dakika 90 tu. Hakuna aliyeweka akiba kwa niaba yake kwa ajili ya siku ambayo goti lingekataa kukunja.

Hali hiyo haikuwa ya Kenya pekee. Mnamo Juni 29, 1950, katika Kombe la Dunia nchini Brazil, Marekani iliushangaza ulimwengu kwa kuilaza Uingereza 1-0 mjini Belo Horizonte. Bao hilo lilifungwa na Joe mwingine, Joe Gaetjens, mzaliwa wa Haiti aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia na ambaye aliosha vyombo katika mkahawa mmoja jijini New York ili kujikimu. Kipa wa timu hiyo, Frank Borghi, aliendesha gari la kubebea maiti. Mwenzao Walter Bahr, aliyempigia Gaetjens mpira uliozaa bao, alikuwa mwalimu.

Wanaume hao walirejea makwao na kuendelea na kazi zao kana kwamba hakuna lililotokea. Gaetjens hatimaye alirudi Haiti, na mwaka 1964 akatiwa nguvuni na vikosi vya utawala wa Francois Duvalier. Hakuonekana tena. Marekani ilimwingiza katika orodha ya heshima ya soka yake mwaka 1976, miaka 12 baada ya kutoweka.

Kadenge hakupatwa na mkasa kama huo, na tumshukuru Mungu. Hata hivyo, Joe hawa wawili wanafanana katika jambo moja. Kila mmoja aliipa nchi furaha kubwa kwa miguu yake, na heshima kamili ya nchi ikamfikia baada ya yeye mwenyewe kuondoka.

Miguu ilipochoka

Baada ya kustaafu, Kadenge hakuuacha mpira. Aligeukia ukufunzi, na aliwahi kuinoa hata timu ya taifa. Lakini ukufunzi katika nchi yetu umekuwa kazi ya msimu. Wakenya wengi walikuja kushangaa kusikia kwamba gwiji waliyemfahamu kwa jina alikuwa dereva wa teksi jijini Nairobi.

Kazi ya teksi ni kazi halali, na Kadenge hakuionea haya. Aibu, kama ipo, si yake. Mtu ambaye jina lake lilikuwa limejaza viwanja alikuwa akisubiri abiria kando ya barabara, na baadhi ya abiria hao huenda walilitamka jina lake wakiwa wameketi nyuma yake bila kumtambua.

Uzee ulikuja na maradhi. Alipatwa na kiharusi, na gharama za matibabu zikawa mzigo kwa familia. Viongozi walimtembelea, akiwemo Rais Uhuru Kenyatta aliyefika nyumbani kwake kumjulia hali. Wahisani walichanga. Mnamo Julai 7, 2019, Kadenge aliaga dunia jijini Nairobi akiwa na umri wa miaka 84. Salamu za rambirambi zilimiminika kutoka kila upande. Serikali ya Kaunti ya Nairobi ikatangaza kwamba City Stadium, uwanja ambao enzi zake ulikuwa ngome ya soka ya Kenya, ungeitwa Joe Kadenge Stadium.

Hakuwa peke yake katika safari hiyo. James Siang'a, kipa stadi wa timu ya taifa ambaye baadaye kama kocha aliiongoza Simba ya Tanzania kuing'oa Zamalek ya Misri na kuingia hatua ya makundi ya Klabu Bingwa Afrika mwaka 2003, alifariki mwaka 2016 baada ya kuugua, huku wito wa kumsaidia ukiwa umetolewa hadharani. Orodha ya majina kama hayo ni ndefu, na kila mara habari huandikwa kwa mpangilio uleule. Gwiji ni mgonjwa, wasamaria wema wanaombwa msaada, gwiji amefariki, taifa linaomboleza.

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Kuna wanaoitamka methali hiyo "mcheza kwao hutunzwa". Tofauti ni herufi moja tu, lakini maana ni mbili. Kutuza ni kumpa mtu zawadi mbele ya watu, siku ya ngoma. Kutunza ni kumwangalia siku zote, hata ngoma ikiwa imekwisha. Kadenge alituzwa sana. Alipigiwa makofi, alitembelewa, alipewa uwanja. Swali ni iwapo alitunzwa.

Kombe lilipokuja Naivasha

Tuje sasa Naivasha. Mwaka 2001 klabu ya Oserian Fastac, iliyobeba jina la shamba la maua kando ya Ziwa Naivasha, ilitwaa ubingwa wa Kenya. Mwaka uliofuata ikautetea. Mji ambao wengi waliujua kwa samaki, viboko na waridi ukawa makao ya mabingwa. Baadaye shamba jingine la maua likazaa timu ya Sher Karuturi, iliyokuja kuitwa Karuturi Sports, nayo ikashiriki Ligi Kuu.

Klabu za namna hiyo zilionekana kuwa jibu la matatizo ya kizazi cha Kadenge. Badala ya michango ya wanachama, kulikuwa na kampuni. Badala ya bahashishi, kulikuwa na matumaini ya ajira. Kama Nakuru AllStars miaka ya sitini, timu hizo hazikuwa za kabila lolote. Wafanyakazi waliotoka Busia, Siaya, Kitui na Nyandarua waliketi pamoja wakiwashangilia.

Lakini klabu ya kampuni ina udhaifu wake. Uhai wake umefungwa katika vitabu vya hesabu vya mwajiri. Biashara ikiyumba au mkurugenzi akibadilisha nia, timu ndiyo ya kwanza kukatwa, kwa sababu hakuna anayeuza maua zaidi kwa kufunga mabao. Timu hizo mbili zilishuka kutoka Ligi Kuu. Mwaka 2014 kampuni ya Karuturi nchini iliwekwa chini ya meneja mrasimu ili wadai wake wapate kulipwa. Wafanyakazi walipokuwa wakilia kukosa mishahara, nani angethubutu kuuliza habari za mpira?

Wala kutegemea mdhamini hakujawa salama zaidi. Mwezi mmoja tu baada ya Kadenge kufariki, Agosti 2019, kampuni ya kamari ya SportPesa ilisitisha udhamini wake nchini kufuatia mzozo na serikali. Gor Mahia na AFC Leopards, klabu iliyotokana na ile Abaluhya ya Kadenge, zilijikuta bila fedha, na wachezaji wakakaa bila malipo. Zaidi ya miaka 50 ilikuwa imepita tangu enzi za soka ya ridhaa, na mchezaji alikuwa bado amesimama palepale.

Kuna mfano mmoja wa karibu unaostahili kutazamwa. Ulinzi Stars, timu ya wanajeshi ambayo kwa miaka mingi imehusishwa na Nakuru, ilitwaa ubingwa mwaka 2003, 2004 na 2005, kisha tena mwaka 2010. Wachezaji wake ni askari walioajiriwa. Daluga zikitundikwa, kazi ipo, na kazi ikiisha, pensheni ipo. Si kila kijana anaweza au anataka kuwa mwanajeshi, lakini mfano huo unathibitisha kwamba mchezaji Mkenya anaweza kucheza kwa kiwango cha ubingwa na bado akawa na uzee wenye mpango.

Funzo

Kijana wa Karagita anayeota kuvaa jezi ya Harambee Stars hahitaji kuambiwa aache ndoto yake. Anahitaji kuambiwa ukweli. Aulize kuhusu mkataba ulioandikwa kabla ya kuuliza rangi ya jezi. Aulize ni nani atakayelipa hospitali akivunjika mguu. Fedha za kwanza zikipatikana, hata ziwe kidogo, aweke sehemu yake katika Hazina ya Kitaifa ya Hifadhi ya Jamii, NSSF, ambayo hupokea hata michango ya hiari ya wasioajiriwa. Na asome au ajifunze ufundi, kwa sababu miguu ya mwanasoka huzeeka akiwa na miaka 35, ilhali tumbo halistaafu.

Wenye klabu na wasimamizi wa soka wana wajibu mkubwa zaidi. Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Fedha nyingi zimeelekezwa katika viwanja, na ni vyema, kwani bila viwanja hakuna mashindano. Tena serikali imeonyesha kwamba ikitaka inaweza kuwalipa wachezaji. Katika michuano ya CHAN iliyochezwa Agosti 2025, Harambee Stars waliahidiwa shilingi milioni moja kwa kila mchezaji kwa kila ushindi. Hata hivyo, marupurupu ya ushindi ni tuzo. Mfuko wa kudumu wa wachezaji, unaokatwa kidogokidogo kutoka kwa kila tiketi na kila udhamini, ungekuwa matunzo.

Mambo Mbotela naye aliaga dunia mnamo Februari 7, 2025. Mbali na mpira, Wakenya walimjua kwa kipindi chake kilichowauliza kwa miongo mingi kuhusu tabia zao, Je, Huu ni Ungwana? Mchezaji amekwenda na mtangazaji wake amemfuata. Msemo wao umebaki, na utaendelea kusikika jioni katika viwanja vya Naivasha kila mtoto atakapokataa kuutoa mpira.

Uwanja wa jijini Nairobi nao umebaki na jina la Kadenge. Ni heshima anayostahili. Lakini miongoni mwa watoto wanaopiga chenga katika vumbi la Naivasha leo, huenda yupo ambaye jina lake litatajwa kama lake. Tukisubiri hadi afe ndipo tutafute uwanja wa kumpa, tutakuwa tumemtuza. Kumtunza kungeanza na mkataba wake wa kwanza.